Maua ya Jirani na Munkoyo ya Kaku

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye ofisi moja hapa Kolwezi, nangojea mtu asaini karatasi zangu, nikamwona bwana mmoja mwenye tai akimimina mabaki ya soda kwenye chungu cha ua lililokuwa mapokezi. Alimimina polepole, kwa upole, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa.

"Tata, ile maua itakufa," nikamwambia.

Akacheka. "Iko na sukari, mama. Itapata nguvu."

Nikahesabu majani ya ule mmea: kumi na saba. Nikahesabu tena, maana hesabu ya kwanza ni ya macho na ya pili ndiyo ya kichwa: kumi na saba. Kama una nafasi, rafiki yangu, pita pale baada ya wiki tatu ukahesabu mwenyewe. Mimi kazi hiyo niliifanya nikiwa na miaka kumi na mmoja, na niliifanya kwa hasira. Hasira yenyewe bado ninayo, nimeitunza vizuri.

Nilikulia Kasulo, mtaa wa hapahapa Kolwezi, wakati Kasulo ilikuwa bado mahali pa kulala watu. Nyumba za matofali ya udongo, bati zimekandamizwa na mawe zisiruke, mpapai mmoja kila nyumba, na kuta nyembamba kiasi kwamba ukikohoa kwako, unaambiwa pole kutoka nyumba ya tatu. Nilikaa na bibi yangu. Watoto wote wa avenu yetu walimwita Kaku, kama watu wa Kasai wanavyowaita wazee wao. Baba yake alikuwa ameletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya mgodi, akafia hukuhuku. Kaku hakuwa na mgodi wala mume. Alikuwa na sufuria kubwa, ndoo mbili zenye vifuniko, na munkoyo.

Kama hujawahi kuinywa, nakuonea huruma. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, kisha unatia mizizi iliyopondwa, ile mizizi yenyewe inaitwa munkoyo, na unafunika. Kesho yake uji umelainika, umekuwa mwepesi, mtamu wenye uchachu kidogo mwishoni, uchachu unaokufanya urudishe kikombe kijazwe tena. Kaku alifundishwa na mama mmoja Mubemba, na watu walisema mwanafunzi alimshinda mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kuponda mizizi asubuhi kabla ya shule. Mpaka leo nikisikia mchi unagonga kinu mahali, pua yangu inatafuta ile harufu ya udongo mbichi na mti. Jioni niliosha vikombe. Tuliuza vikombe arobaini kwa siku; siku za jua kali, arobaini na vitano. Ndivyo tulivyokula bukari yetu, yaani ugali, na ndivyo nilivyosoma.

Sasa nikuletee jirani. Alikuwa mke wa mtu wa ofisini, na alikuwa prezida wa bamama ba kanisa, kwa hiyo hata mume wake alimwita Mama Prezida. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, televisheni iliyovikwa kitambaa, na kando ya televisheni ua kubwa lenye majani mapana kama sahani, lililopandwa kwenye mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, nao umevikwa kitambaa. Ua lile lilitoka Lubumbashi kwenye kiti cha mbele cha gari. Watoto wake walikaa nyuma na magunia.

Mwezi mmoja Mama Prezida alipokea mkutano wa bamama ba kanisa, akanunua kwa Kaku ndoo nzima. Walikunywa, waliimba, walikwenda. Yaliyobaki vikombeni aliyamimina kwenye ua, kama alivyozoea, kwa sababu hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Siku tano baadaye ua liliinamisha shingo. Siku ya saba lilikuwa limekufa.

Tulikuwa kwenye foleni ya maji, pale kwenye bomba ambalo sisi tuliliita robine. Kaku alikuwa wa tatu, mimi nyuma yake na kidumu. Mama Prezida hakuja na chombo chochote. Alikuja na mdomo tu.

"Bamama, munisikilize. Maua yangu imekufa. Kitu gani nilimwanga mule? Munkoyo. Munkoyo ya hapa pembeni!" Akamwonyesha Kaku kwa kidevu. "Kama inaua maua, mu tumbo ya mutu inafanya nini? Mujiulize."

"Eh, Yesu," mama mmoja akasema, akashika tumbo lake.

Mwingine akacheka. "Njo maana juzi nililala choo."

"Ulikula sombe ya juzi, mama, usisingizie bantu," Kaku alijibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na foleni nzima ilikuwa imeshageuka kumtazama Mama Prezida, aliyekuwa ameanza kueleza rangi ya majani, moja baada ya jingine, kama mtu anayesimulia mgonjwa wake.

Kesho yake tuliuza vikombe kumi na tisa. Keshokutwa, sita. Jumamosi viwili, na kimojawapo alikinywa fundi wa baiskeli ambaye alikuwa kiziwi, habari haijamfikia. Kaku alibeba ndoo akaimwaga mtaroni nyuma ya nyumba. Ile sauti nzito ya munkoyo ikianguka kwenye matope bado ninayo masikioni. Alimwaga hivyo wiki nzima, kisha akaacha kupika.

Hakulia. Alinikalisha kwenye kibao chake akaniambia, "Shule ikifunga utaenda Dilolo, ku dada yangu. Kule bitu bya Angola binapita, utakula. Hapa tutakufa babili juu ya nini?"

Dilolo. Sikuwa namjua yule dada yake hata kwa sura. Shule ilikuwa inafunga baada ya wiki nne. Nikahesabu kwenye vidole, nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa. Zilikuwa nne.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa mtu mwembamba aliyekata chaki vipande vitatu ili idumu. Siku zile alikuwa anatufundisha majaribio. Alisema, "Kama kuna mwizi katika nyumba, usifukuze bantu bote. Mutoe mumoja, uangalie kama wizi unaendelea. Kisha mwingine. Badilisha kitu kimoja tu." Darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Mimi nilikuwa nimeshatoka darasani kwa mawazo, niko kwenye sebule ya Mama Prezida, namtafuta mwizi.

Muuguzi wa dispensari alikuwa na mmea unaotambaa dirishani kwake, ule wenye majani ya umbo la moyo, unaoota hata ukiutupa. Nilitaka vipande sita. Alitaka nimchotee maji siku kumi. Nikasema tatu. Akasema nane. Nikasema, "Mama, ile maua yako inaziba dirisha, wagonjwa hawapati hewa, ningepaswa kukulomba weye unilipe." Tulimaliza kwenye siku nne, vipande sita, na alinisindikiza mlangoni akisema Mungu amsaidie mwanaume atakayenioa. Msaada huo bado haujahitajika.

Mikebe mitano niliipata jalalani na kuijaza udongo wa nyuma ya jiko letu, udongo uleule, kiasi kilekile. Wa kwanza nilinywesha maji. Wa pili chai ya sukari iliyopoa. Wa tatu bia, mabaki niliyopewa kwenye baa ya kona kwa kuosha bilauri. Wa nne sukre, ile soda nyekundu. Nilikusanya mabaki ya chupa nje ya duka, na kwa wiki mbili nilibeba chupa ya soda bila kulamba hata tone. Wa tano munkoyo. Kaku alinipikia kasufuria kadogo bila kuniuliza ya nini. Nusu kikombe kila mmoja, kila asubuhi, na majani nilihesabu nikienda shule na nikirudi.

Kipande cha sita kilikuwa cha ziada. Mkebe wake ulikuwa ule mkubwa wa Mama Prezida, aliokuwa ameutupa jalalani bila kitambaa, pamoja na udongo wake. Niliuchukua kwa sababu ulikuwa mzuri, na sikuumwaga udongo kwa sababu ulikuwa mzito na mimi nilikuwa mvivu. Nikachomeka kipande, nikawa nakipa maji ya robine. Ni akiba tu, nilijiambia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sisimizi. Walikuja kwenye sukre kwa mstari mmoja kutoka mlangoni, wamejipanga kuliko sisi kwenye bomba. Wiki ya pili bia ilianza kunuka kama shati la mlinzi, vijinzi vidogo vikazaliwa mle ndani, majani yakawa manjano. Chai iliota ukungu mweupe juu ya udongo. Sukre iliangusha jani la mwisho siku ya kumi na nne.

"Weye," Kaku alisema akiwa amesimama juu ya mikebe, mikono kiunoni. "Unanywesha maua bia?"

"Ni ya shule, Kaku."

"Hata mume wangu hakupata bia ya kila asubuhi."

Nitakwambia ukweli kuhusu munkoyo, kwa sababu tuko sisi wawili tu. Ule mmea haukustawi. Ulipoteza majani mawili kati ya matano, ukasimama hapo umenuna. Ule wa maji ulikuwa umeongeza majani mawili mapya, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilikaa mbele yao nikiwa na makasi ya Kaku mkononi. Ningekata majani matatu ya mmea wa maji, nani angejua? Kaku aliniona. Alichukua makasi, akarudi kwenye mboga zake, akasema bila kugeuka, "Munkoyo ni ya mutu. Maua inakunywa mayi. Hakuna haya."

Lakini nilikuwa nimeshaona kitu kingine, na kilininyima usingizi. Munkoyo kila siku kwa wiki tatu, mmea haujafa. Munkoyo mara moja kwa jirani, ua likafa siku saba. Na yule wa sita, wa akiba, aliyekunywa maji safi peke yake, ndiye aliyekufa wa kwanza kabisa. Siku tisa. Alitangulia hata sukre. Nilikuwa nimemlaumu muuguzi, nikidhani amenipa kipande kibovu.

Badilisha kitu kimoja tu. Mimi nilikuwa nimebadilisha udongo bila kujua.

Nikaubeba ule mkebe. Nikabeba mwingine. Nikarudia. Ule wa jirani ulikuwa mzito karibu mara mbili, hata ukiondoa ukubwa wake. Nikaumwaga juu ya gunia. Ndani ya udongo kulikuwa na punje nyeusi kama makaa yaliyosagwa, na nyingine za kijani. Rafiki yangu, mtoto wa Kolwezi hajui kuogelea, hajui bahari, lakini punje zile anazijua. Watoto wenzangu walikuwa wanaziosha mtoni kila likizo. Nyeusi ni kobalti, kijani ni shaba. Na udongo wa namna ile haukai juu. Unatolewa chini, mbali chini.

Ndipo nikakumbuka vitu nilivyokuwa nimeviona bila kuvitazama. Redio ya Mama Prezida iliyopigwa kwa nguvu mchana kutwa. Mapazia yaliyofungwa kwenye joto. Viti vyenye vitambaa vilivyohamia barazani, eti sebule inapakwa rangi. Wapwa zake wawili kutoka Kisenge, vijana wa mgodi tangu kuzaliwa, waliokuja kusalimia na hawakuondoka, na miguu yao myekundu kwa udongo mpaka magotini. Ukichimba shimo ndani ya nyumba, tatizo lako la kwanza ni udongo. Mawe mazuri unayatoa kwa gunia usiku, lakini udongo wa kawaida utaupeleka wapi watu wote wanakutazama? Unaugawa. Kidogo chini ya uzio, kidogo chini ya mpapai, kidogo kwenye mikebe ya maua. Alikuwa ameliua ua lake kwa siri yake mwenyewe, akamsingizia bibi yangu. Alijua au hakujua? Mimi nasema alijua kwamba alibadilisha udongo. Hilo linanitosha.

Na usiniambie nilikuwa mtoto. Nilijua kabisa ni nini kinatokea Kolwezi watu wakisikia kuna mawe chini ya nyumba. Nilijua, na nikatandika nguo ndani ya beseni ili mikebe isigongane.

Jumamosi asubuhi nilifika kwenye robine na beseni kichwani. Foleni ilikuwa ndefu. Mama Prezida alikuwa mbele, safari hii na ndoo. Kaku alikuwa nyuma, hakujua lolote. Nikaipanga mikebe sita juu ya ukuta wa saruji.

"Bamama," nikasema, "munisikilize."

"Mutoto huyu, ameleta uchawi yake ku bomba?" Mama Prezida akasema.

"Hii ilikunywa bia. Hii sukre. Hii chai. Hii mayi. Na hii," nikainua mkebe wa tano, "munkoyo ya Kaku, kila siku, wiki tatu. Mutazame. Imekufa?"

"Haiko muzuri sana," mama mmoja akasema.

"Haiko muzuri, lakini haijakufa. Hata weye, mama, hauko muzuri sana, lakini hatujakuzika."

Foleni ilicheka. Mwenye kushika tumbo siku ile alicheka kuliko wote. Katika foleni kulikuwa na mchimbaji mmoja kijana, mtu wa mbali, anaosha buti zake. Akamwambia Kaku, "Mama, iko imebaki? Leta kikombe. Kama inaua, ianze na mi." Kaku alikimbia, ndiyo, alikimbia, akarudi na kile kidogo nilichobakiza sufuriani. Kijana alikunywa mbele ya watu wote, akajipangusa mdomo, akasimama anangoja. Hakufa. Akaomba kingine.

Ningeweza kuishia hapo. Kaku alikuwa ameshapata alichonyang'anywa. Niliona mama wawili wakimuuliza kama kesho atapika. Dilolo ilikuwa imeshasogea mbali. Lakini Mama Prezida alikunja mdomo akasema, "Kama haiko munkoyo, ni nini? Maua ilijiua?"

Alinipa nafasi mwenyewe.

"Hii ya sita ni mkebe yako, mama," nikasema. "Udongo yako. Nilimwanga mayi tu. Imekufa siku tisa. Uambie bamama ulitoa udongo huu wapi."

Yule kijana alichovya vidole kwenye mkebe. Akasugua. Akatemea mate kiganjani, akageuzageuza zile punje nyeusi juani. Hakunitazama mimi, hakumtazama Mama Prezida. Alitazama nyumba yake. Maji ya bomba yakawa yanamwagika nje ya ndoo iliyojaa, na hakuna aliyeyafunga.

"Mama Prezida," mtu akasema kutoka nyuma, taratibu, "njo ile rangi unapaka mu salon ya nyumba?"

Aliacha ndoo yake pale. Saa sita mchana kulikuwa na wanaume hamsini mlangoni kwake, na wapwa wa Kisenge wameshika mapanga. Kabla ya jioni kila mwenye nyumba kwenye avenu yetu alikuwa ameinua kitanda anatazama sakafu.

Miezi minane Kaku aliuza kuliko maisha yake yote. Ndoo nne kwa siku, vikombe mia moja na ishirini, wachimbaji wamekaa kwenye magunia wanapuliza vumbi juu ya vikombe. Nilibaki kwetu, Dilolo sikwenda. Mama Prezida alilazimika kugawana shimo lake na watu kumi na wawili, na nyumba ikaanza kupasuka kutoka jikoni. Mimi nilikuwa napita pale makusudi nikienda shule. Nilikuwa natembea polepole. Furaha ile, sitaki kukudanganya, ilikuwa tamu, na sijawahi kuijutia kama ninavyoambiwa kanisani niijutie.

Kisha ufa ukafika kwetu. Ulianzia chini ya kinu. Mpapai uliinama, halafu asubuhi moja haukuwepo, palikuwa na shimo na sauti za watu chini yake wakiombana moto wa sigara. Avenu ikawa turubai za rangi ya chungwa zilizofunika mashimo. Robine ilikauka kwa sababu bomba lilikatwa huko chini. Waliokuwa kwenye foleni ile siku ile waliondoka mmoja mmoja, kimyakimya. Yule aliyesema alilala choo alikwenda Likasi, mwenye tumbo sijui. Sisi tulihamia pembeni ya mji, kwenye kiwanja kipya, nyumba zimeachana, majirani hawajuani. Kaku alipika munkoyo yake ileile. Watu wa kule walipendelea vinywaji vya chupa. Walimpita wakisalimia kwa adabu.

Alifariki mwaka juzi. Kwenye matanga tulikaa chini ya turubai la kukodi, viti vya plastiki, wageni wengi wa kiwanja kile waliokuja kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mchana wa siku ya pili aliingia mama mmoja mzee, amevaa kitenge cha kanisa kilichopauka. Nilimjua kwa kidevu.

Alipeana mikono na watu, akafika kwangu, akasimama. "Munkoyo ya kaku yenu," akasema, "haikukuwa na kosa. Mi njo nilisema vibaya. Ilikuwa muzuri."

Miaka yote ile nilikuwa nangoja sentensi hiyo. Nilikuwa nimeipangia mahali, na watu, na sauti.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Basikie bote."

Akageuka kuelekea viti. Akavuta pumzi, akasema tena, kwa ile sauti yake ya zamani iliyokuwa ikigeuza foleni nzima: "Munkoyo ya Kaku haikukuwa na kosa!"

Watu waliinua macho kwa heshima, kama unavyomtazama mzee aliyeguswa na msiba, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Hakuna hata mmoja aliyejua alikuwa anarudisha nini. Binti mmoja wa kiwanja, simfahamu jina, aliniinamia sikioni akaniuliza kama sahani zitatosha au akaazime kwa jirani.